Nyonga ya Chuma ya Andy Murray: Kilichobadilishwa na Kisichorudi

Andy Murray alicheza mechi yake ya mwisho ya kulipwa tarehe 1 Agosti 2024 jijini Paris, katika Michezo ya Olimpiki, na tangu siku hiyo kila anapotajwa mbele ya wapenzi wa tenisi huzuka mabishano yaleyale. Yuko anayesema kwamba Mskoti huyo aliwekewa nyonga ya chuma iliyomwezesha kukimbia bila kuchoka. Yuko anayesema kwamba kurudi kwake uwanjani ni ushahidi kuwa mtu akivumilia maumivu kwa moyo mgumu, mwili hatimaye hutii. Na yuko anayelalamika kwamba baada ya kuporomoka hadi nafasi ya 839 duniani, Murray aliendelea kuingizwa katika mashindano makubwa kwa upendeleo huku vijana waliomzidi pointi wakibaki nje. Kila dai lina chembe ya ukweli ndani yake, lakini kila moja limejengwa juu ya neno ambalo wasemaji hawajakubaliana maana yake: nyonga, kupona na nafasi.

Nianze na nyonga, maana wengi tunaitaja tukimaanisha eneo lote la kiuno. Nyonga ni kiungo, yaani mahali ambapo mifupa miwili inakutana ili mwili uweze kukunjika na kuzunguka. Mfupa wa paja, ambao ni mrefu kuliko yote mwilini, una kichwa cha mviringo kilichokaa juu ya shingo fupi, na kichwa hicho huingia katika shimo lililochongeka kama kikombe kwenye fupanyonga. Picha ya mchi ndani ya kinu inakaribia, ila mchi kazi yake ni kutwanga, ilhali kichwa cha paja kinatakiwa kizunguke ndani ya kikombe chake bila kusaga chochote. Kinachozuia msagano huo ni gegedu, ule utando mweupe, laini na wenye kung'aa ambao kila aliyekula paja la kuku ameuona kwenye ncha ya mfupa, pamoja na ute unaoulainisha.

Gegedu ina kasoro moja kubwa, na bila kuielewa kasoro hiyo huwezi kuielewa habari ya Murray. Haina mishipa ya damu. Mfupa ukivunjika, damu huleta vijenzi na baada ya miezi michache mfupa huunga. Ngozi ikichanika, hufunga. Gegedu ikilika, hailetewi kitu cha kuirudishia, kwa hiyo hubaki imelika na huendelea kulika. Fundi wa gari anaifahamu hali hii kwa mfano wa bushi: mpira wake ukiisha, gari bado litatembea, lakini chuma kitaanza kugonga chuma, na hakuna dereva aliyewahi kulipumzisha gari wiki tatu akakuta mpira umeota tena. Ndiyo maana neno "kupona" halifai kwa jeraha la aina hii. Mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu hupona. Mchezaji ambaye gegedu ya nyonga imekwisha ana njia mbili tu: apunguze matumizi ya kiungo hicho, au kiungo chenyewe kibadilishwe.

Tenisi, kwa bahati mbaya, ni mchezo unaoitumikisha nyonga kuliko unavyoonekana kwenye televisheni. Katika mpigo wa kisasa wa mkono wa mbele, mchezaji husimama akiukabili wavu, miguu imetanuka, kisha huzungusha kiwiliwili chote juu ya mguu mmoja uliobeba sehemu kubwa ya uzito wake. Murray hutumia mkono wa kulia, na nyonga iliyoharibika ilikuwa ya kulia. Zaidi ya hayo, hakuwa mchezaji wa kumaliza kazi kwa kombora moja. Ustadi wake ulikuwa kuufikia mpira ambao mwingine angeuacha upite, kuurudisha, kisha kuufuata tena upande wa pili, kwa kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka, mara mamia katika mechi moja. Mwenyewe alieleza kwamba nyonga ile ilikuwa ikimsumbua mara kwa mara kwa miaka mingi kabla mashabiki hawajajua lolote.

Mwaka 2016 ulikuwa kilele chake na pengine pia gharama yake. Mshindi huyo wa Wimbledon ya 2013, ambaye alikuwa mwanamume wa kwanza wa Uingereza kutwaa taji hilo katika mchezaji mmoja mmoja tangu Fred Perry mwaka 1936, alilitwaa tena 2016, akachukua dhahabu ya pili ya Olimpiki kule Rio de Janeiro, kisha akashinda mashindano matano mfululizo kuanzia Beijing hadi fainali za msimu mjini London. Tarehe 7 Novemba alitangazwa namba moja duniani. Sidai kwamba miezi ile ndiyo iliyoivunja nyonga, kwa sababu kulika kwa gegedu ni jambo la miaka. Lakini aliyetazama jinsi alivyokifukuzia kiti kile hakushangaa sana kwa yaliyofuata.

Juni 2017, katika nusu fainali ya mashindano ya Ufaransa, alicheza seti tano dhidi ya Stan Wawrinka kwa saa nne na dakika 34, akashindwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, nyonga haikurudi tena katika hali yake baada ya siku hiyo. Mwezi uliofuata, kwenye robo fainali ya Wimbledon, alikuwa akiongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Sam Querrey, kisha akapoteza seti mbili za mwisho 6-1, 6-1 huku akichechemea mbele ya macho ya dunia. Bado alikuwa namba moja. Mtu anayetafuta mfano wa kuvumilia maumivu hahitaji kwenda mbali zaidi ya pale: Murray alivumilia, akamaliza mechi, na uvumilivu huo haukumpa chochote.

Hapa ndipo simulizi la "moyo mgumu" linapopotosha. Katika michezo tumezoea kumsifu anayecheza akiwa na maumivu kana kwamba maumivu ni adui anayeweza kutishwa, ilhali maumivu ya kiungo ni taarifa, na taarifa haiondoki kwa kupuuzwa. Miezi 18 iliyofuata Murray aliitumia kujaribu kila namna ya kuishi na nyonga ile. Alipumzika nusu ya pili ya mwaka 2017. Januari 2018 alifanyiwa upasuaji wa kwanza huko Melbourne, ule wa kupitisha vifaa kwenye matundu madogo ili kusafisha na kurekebisha kiungo, ambao unaweza kupunguza msuguano lakini haurudishi gegedu iliyokwisha. Alirejea Juni, na Agosti mjini Washington alimshinda Marius Copil katika mechi iliyokwisha saa tisa usiku, kisha akaketi kwenye kiti chake akajifunika taulo na kulia. Waliomwona walidhani ni furaha. Alikuwa ameshinda, lakini alijua mwili umempa jibu.

Tarehe 11 Januari 2019, akiwa Melbourne kwa mashindano ya Australia, alishindwa kuyazuia machozi mbele ya waandishi wa habari alipotangaza kwamba huenda ule ukawa mwisho wake. Jambo alilolieleza ambalo halikupewa uzito unaostahili ni kwamba maumivu yalikuwa yametoka uwanjani na kuingia nyumbani, kwani hata kuvaa soksi na viatu kulimuuma. Siku tatu baadaye alipoteza kwa Roberto Bautista Agut katika seti tano, na waandaaji wakaonyesha uwanjani video ya kumuaga. Wiki mbili baada ya kuagwa, alikuwa kwenye chumba cha upasuaji London.

Upasuaji huo wa pili ndio uliozaa hadithi ya "nyonga ya chuma", na hapa panahitaji kutofautishwa mambo mawili ambayo kwa Kiswahili tunayaita kwa jina moja, "kubadilisha nyonga". Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida kwa wazee, ni kukata kichwa cha mfupa wa paja pamoja na shingo yake, kisha kuchomeka ndani ya mfupa nguzo yenye kichwa cha bandia. Njia ya pili ni kuuacha mfupa mahali pake, kukichonga kichwa chake kidogo na kukivalisha kofia ya chuma, huku kikombe cha fupanyonga nacho kikiwekewa ganda la chuma. Tofauti yake ni kama ile ya kwa daktari wa meno: jino linaweza kung'olewa likawekwa la bandia, au linaweza kuchongwa likavikwa kofia huku mzizi wake ukibaki. Murray alivikwa kofia. Kifaa alichowekewa ni cha aina iliyobuniwa katika mji wa Birmingham na kuanza kutumika 1997, kilichotengenezwa kwa mchanganyiko wa kobalti na kromi.

Kwa mtu wa miaka 31 njia ya pili ina mantiki. Kichwa cha kiungo hubaki kikubwa karibu kama cha asili, hivyo si rahisi kiteguke kwa mizunguko mikali, na shingo ya mfupa inahifadhiwa kwa siku za mbele iwapo itabidi nyonga nzima ibadilishwe. Lakini ina hatari zake, na wanaoizungumzia kama muujiza huziruka. Chuma kikisuguana na chuma huachia chembechembe ndogo mno zinazoweza kudhuru nyama za jirani na kuingia katika damu. Aina moja ya vifaa vya namna hiyo iliondolewa sokoni duniani kote mwaka 2010 baada ya kushindwa mapema kwa wagonjwa wengi. Shingo ya mfupa iliyobakizwa inaweza kuvunjika. Wanawake na watu wenye mifupa midogo hawapati matokeo mazuri kama wanaume wenye mifupa mikubwa, na ndiyo maana madaktari wengi hawaipendekezi kwao.

Naongeza jambo moja kwa ajili ya wasomaji wa kwetu, kwa sababu habari ya Murray husomwa hata na watu wasioijali tenisi. Nyonga kuharibika mapema si balaa la wanamichezo peke yao. Ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea sana Afrika Mashariki, unaweza kukata mtiririko wa damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi sehemu ya mfupa ikafa, na hivyo kijana wa miaka 20 akajikuta na nyonga ya mzee. Upasuaji wa kubadilisha nyonga hufanyika katika hospitali zetu kubwa, ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Aina ipi inamfaa nani ni uamuzi wa daktari bingwa aliyeuona mfupa husika, wala habari ya bingwa wa Wimbledon haiwezi kumwamulia mgonjwa.

Je, chuma kilimwongezea nguvu? Hapana, na sababu yake ni nyepesi. Nguvu ya kukimbia hutoka katika misuli, na kofia ya chuma haina msuli hata mmoja. Kilichofanywa na upasuaji ni kuondoa maumivu, na kwa mtu aliyekuwa hawezi kuvaa soksi huo ni ukombozi mkubwa kuliko unavyosikika. Misuli iliyozunguka nyonga, ambayo ilikuwa imedhoofika kwa miaka ya kuchechemea, ilibidi ijengwe upya kwa mazoezi ya kila siku. Na lengo la kwanza, kama alivyoeleza kabla ya kwenda kupasuliwa, lilikuwa maisha ya kawaida yasiyo na maumivu. Tenisi ingefuata tu iwapo ingewezekana. Mfano pekee wa karibu aliokuwa nao ulikuwa wa Bob Bryan, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji kama huo mwaka 2018 na kurudi uwanjani miezi mitano baadaye. Lakini Bryan alikuwa mchezaji wa wawili wawili, ambako kila mtu hulinda takriban nusu ya uwanja. Kulinda uwanja wote peke yako dhidi ya vijana wa miaka 22 ni kazi nyingine kabisa.

Juni 2019 Murray alirudi, kwanza kwa mechi za wawili wawili, na papo hapo akatwaa taji la Queen's mjini London akiwa na Feliciano López. Oktoba mwaka huo, huko Antwerp, Ubelgiji, akiwa nje ya wachezaji 200 bora, alishinda fainali ya mchezaji mmoja mmoja. Mpinzani aliyeshindwa siku hiyo alikuwa Stan Wawrinka, yuleyule wa ile mechi ya Paris.

Sasa tuje kwenye lalamiko la upendeleo. Pointi za tenisi zinafanana na bando la simu: zina tarehe ya mwisho, na zikifika wiki 52 huondoka hata kama hukupata nafasi ya kuzitumia. Bingwa wa mashindano makuu, yaani yale manne ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, hupewa pointi 2,000, lakini asipocheza mwaka mzima hubaki mikono mitupu, ndivyo mtu aliyekuwa namba moja Agosti 2017 alivyofika nafasi ya 839 Julai 2018. Namba hiyo haikusema kwamba kulikuwa na watu 838 wanaojua tenisi kuliko yeye. Ilisema tu kwamba hakuwa amecheza.

Kwa ajili ya hali kama hiyo, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume kina utaratibu wa nafasi iliyolindwa. Mchezaji aliyekaa nje kwa jeraha angalau miezi sita anaweza kuomba atumie wastani wa nafasi zake katika miezi mitatu ya kwanza ya kuumia. Tuseme alikuwa wa 20: atakaporudi anaweza kujiandikisha kama mtu wa 20, kwa idadi maalumu ya mashindano na kwa muda maalumu, ambao huongezeka kidogo kama alikaa nje zaidi ya mwaka. Wanawake wana utaratibu wao unaofanana na huo, unaowahusu pia waliotoka kujifungua. Ni sawa na mwanafunzi aliyelazwa hospitalini wakati wa mtihani: shule humwekea kiti chumbani atakaporudi, lakini haimwekei alama kwenye karatasi. Nafasi iliyolindwa haitoi pointi hata moja, wala haimpi mchezaji ile ngazi ya upangaji inayomwepusha na vigogo mapema. Anaweza kuingia mlangoni na kukutana na bingwa mtetezi raundi ya kwanza.

Kinachowachanganya watu ni kwamba upo mlango mwingine, wa mwaliko. Katika mashindano makuu ya wanaume yenye wachezaji 128, wengi huingia kwa nafasi zao, 16 hupitia mchujo, na nafasi nane huachwa kwa waandaaji wawaalike wanaowataka. Murray alipewa mialiko pia, na mwaka 2020 bingwa wa zamani Mats Wilander alimkosoa hadharani kwa kupokea ule wa Ufaransa, ambako alipoteza raundi ya kwanza. Hoja hiyo inaweza kujadiliwa, na binafsi naona Wilander hakuwa amekosea kabisa, kwani kila mwaliko kwa mkongwe ni mwaliko ambao kijana hakuupata. Lakini lawama ya mwaliko ielekezwe kwenye mwaliko. Nafasi iliyolindwa ni haki ya kila aliyeumia, awe bingwa au mtu wa 150 ambaye jina lake hulijui.

Lipo swali ambalo mashabiki hawapendi kuuliza: je, Murray alirudi kweli? Kabla ya nyonga ya chuma alikuwa na mataji 45 ya mchezaji mmoja mmoja. Baada yake aliongeza moja, lile la Antwerp. Nafasi yake ya juu kabisa baada ya upasuaji ilikuwa ya 36, Agosti 2023, na hakuwahi tena kuvuka raundi ya tatu ya mashindano makuu. Wanaomtetea hutaja Januari 2023 huko Melbourne, alipomshinda Matteo Berrettini katika seti tano, kisha siku mbili baadaye akatoka nyuma seti mbili na kumshinda Thanasi Kokkinakis katika mechi ya saa tano na dakika 45 iliyokwisha saa kumi alfajiri, ndefu kuliko zote alizowahi kucheza. Alikuwa na miaka 35. Nyonga ilihimili, hilo halina ubishi. Raundi iliyofuata alitolewa, mwili ukiwa umekwisha, na aliyemtoa alikuwa Bautista Agut, mtu wa ile mechi ya kuagwa.

Anayeamini kwamba yote haya ni suala la moyo na amtazame Juan Martín del Potro, ambaye Murray alimshinda katika fainali ya Olimpiki ya Rio. Bingwa huyo wa mashindano ya Marekani ya 2009 alipasuliwa kifundo cha mkono wa kulia mara moja na cha kushoto mara tatu, akaporomoka chini ya nafasi ya 1,000, kisha akapanda tena hadi fainali ya mashindano ya Marekani 2018. Sioni mtu anayeweza kumwambia kwamba alikosa moyo. Oktoba mwaka huohuo alivunjika mfupa wa goti mjini Shanghai, na pasuaji zilizofuata hazikulirudisha goti. Alicheza mechi yake ya mwisho Februari 2022, na baadaye alisimulia jinsi maumivu yanavyomwandama hata anapopanda ngazi. Watu wawili wa kizazi kimoja, wakaidi kwa kiwango kimoja. Mmoja aliharibikiwa kiungo ambacho madaktari wanajua kukivika kofia, mwingine akaharibikiwa kiungo kilichokataa kila tiba aliyopewa.

Machi 2024 huko Miami Murray alikatika kano za kifundo cha mguu. Juni uvimbe uliobana mshipa wa fahamu mgongoni ulimfanya apasuliwe siku chache kabla ya Wimbledon, ambako aliishia kucheza wawili wawili tu, pamoja na kaka yake Jamie. Kule Paris, akiwa na Dan Evans, aliokoa pointi tano za kushindwa katika mechi ya kwanza, akashinda pia ya pili, kisha akatolewa kwenye robo fainali na Wamarekani Taylor Fritz na Tommy Paul. Kifundo cha mguu, mgongo, mshipa wa fahamu na miaka 37: hivyo ndivyo vilivyommaliza. Nyonga ya kulia haikuwamo.